Sambaza wakavu kwa siklidi wakubwa: tathmini ya chakula cha soko la Goma

Anayefuga kwenye tangi siklidi wakubwa, jamii ya samaki wa maji baridi, kutoka Amerika ya Kati hapa Goma ana vyakula viwili anavyoweza kuvitegemea: punje za kiwandani zinazoagizwa nje, na sambaza wakavu, yaani dagaa wa Ziwa Kivu, wanaouzwa kwenye masoko ya Kituku na Virunga. Punje ni ghali na hukatika madukani. Sambaza wapo karibu kila siku. Tunawapa sambaza alama 6 kati ya 10: wanafaa mara mbili kwa wiki, wasizidi hapo, na sababu kubwa ni maji yetu.

Maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na yamejaa magnesiamu na bikaboneti. Samaki waliotoka maziwa ya Nikaragua huyavumilia vizuri, kwani hata kwao maji si laini. Hatari iko kwenye amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali ile inayochoma mashavu ya samaki. Kwenye pH 9 sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 36 hivi. Mabaki ambayo kwingine yangesubiri hadi kesho, hapa yanaweza kuua usiku huohuo. Ndiyo maana chakula chochote tunakipima kwanza kwa kile kinachobaki majini baada ya samaki kushiba.

Hapo ndipo sambaza anapopoteza alama. Akikauka, kichwa na tumbo huwa vyepesi kuvunjika. Siklidi humtafuna kwa taya za pili zilizo kooni, na vumbi la nyama hutokea kwenye mashavu kama wingu. Pia ana mafuta mengi. Ukimtupa majini bila kumloweka, utando hutanda juu ya maji na kuzuia hewa kuingia.

Kwa hiyo mwandae hivi. Vunja kichwa, toa matumbo. Osha mara mbili ili mchanga utoke, kisha loweka kwenye maji baridi dakika 30. Onja kipande kwa ulimi: kikiwa na chumvi, endelea kuloweka saa 2 huku ukibadilisha maji. Maji ya kuloweka yamwagwe nje, yasiingie kwenye tangi kamwe, kwani ndiyo yenye vumbi na mafuta. Lisha asubuhi, kipande kimoja kimoja, na kila kisicholiwa ndani ya dakika 2 kitolewe kwa wavu. Ukilisha jioni, hutaona kilichojificha nyuma ya mawe.

Kiasi kipimwe kwa mizani ya jikoni, kabla ya kuloweka. Tangi la sentimita 200 kwa 65 kwa 60 hubeba lita 780. Tukichukulia samaki sita wazima wenye kilo 2 kwa jumla, siku ya punje wapewe gramu 20 kwa awamu mbili, yaani asilimia 1 ya uzito wao. Siku ya sambaza zinatosha gramu 12, mara moja tu. Kesho yake badilisha bidoni 10 za lita 20, maji yakiwa na joto sawa na la tangi. Siku moja ya wiki wasile kitu. Na umeme ukikatika, usilishe hata kama samaki wanakufuata kwenye kioo: bakteria wanaoondoa amonia kwenye filta iliyosimama hufa kwa kukosa oksijeni, na huchukua muda kurudi.

Sokoni, chagua sambaza wenye rangi ya fedha na harufu ya samaki. Waliogeuka manjano tumboni, wenye harufu kali ya mafuta yaliyooza, huharibu ini la samaki polepole, na mfugaji hutambua wakati samaki amekwisha vimba. Ukisikia harufu ya dawa ya wadudu, ondoka hapo. Nunua cha wiki mbili tu, ukihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, mbali na mwanga.

Sambaza wabichi tunawapa alama 3. Lishe yao ni bora, ila huhitaji kugandishwa siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri ili minyoo ife, na friza inayozimika na kuwaka haifanyi kazi hiyo.

Kitu ambacho sambaza hana kabisa ni majani, na vitamini C yake hupungua sana juani. Kati ya siklidi hawa, Amphilophus citrinellus hula konokono, wadudu na mimea. Vieja melanura hutegemea mimea zaidi. Hawa wape njegere zilizochemshwa na kumenywa, au lengalenga (mchicha) iliyopitishwa kwenye maji ya moto. Sombe (majani ya muhogo) usijaribu, kwa sababu ya sumu yake ya sianidi. Parachromis managuensis ndiye hufaidi sambaza kuliko wote, lakini huyo anaweza kupita sentimita 50 na hafai kuchanganywa na wadogo. Atakayeshindwa kumfuga amtafutie mfugaji mwingine. Kumwachia ziwani kunaweza kuwaangamiza samaki wa Kivu wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Wapo wanaoshusha pH kwa maji ya mvua ya bati. Hatukubaliani nao. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo huja na asidi na floraidi. Mawe ya lava, kwa upande mwingine, tunayasifu: yaliyopondwa na kuoshwa vizuri ni makazi mazuri ya bakteria ndani ya filta. Yasiwekwe tu kwenye sakafu ya tangi yakiwa na ncha, kwa maana siklidi wakipigana hujichana. Na nyumba ya mbao isibebeshwe tangi hili bila kumwaga zege chini, kwani likijaa hupita tani moja kwa pamoja na vioo na mawe.

Kwa makinda, unga wa sambaza tunaupa sifuri. Huzama, huchacha ndani ya saa chache, na makinda hulala palepale sakafuni. Saga punje badala yake, uwape kidogo mara nne kwa siku.