Kochi wa tumbo asiyetaka kuulizwa kuhusu tumbo

Naandika hasira bado haijanitoka, kwa hiyo anayetafuta maoni ya mtu aliyetulia apite tu. Ni kuhusu programu moja ya simu ya wanawake wanaotaka kuondoa tumbo. Unalipia, unapewa ratiba ya chakula na video za mazoezi, kisha unaingizwa kwenye kundi ambamo kochi hujibu maswali. Jina silitaji. Mengine yote wameyaandika wenyewe pale pa kujiandikisha, nendeni mkasome.

Nilijiunga mtoto wangu wa pili akiwa tayari anakimbia na kuvunja vitu. Mikono ilikuwa imerudi, mapaja yamerudi, uso umerudi, tumbo ndilo lililogoma. Mwanamke aliyewahi kupishwa kiti na mtu mwenye nia njema kabisa, akaulizwa "umebakiza miezi mingapi?" na huku hana mimba yoyote, huyo hahitaji maelezo zaidi.

Sasa sikieni. Moyo wa programu hii ni sitapu, lile zoezi la kulala chali na kuinua kifua kwa nguvu ya tumbo. Kila wiki idadi inapanda, na jioni mnatakiwa kuandika kundini mmefanya ngapi. Nami nilikuwa naandika. Baada ya wiki kadhaa nikaona kitu: kila nilipoinua mabega kutoka sakafuni, katikati ya tumbo kulikuwa kunachomoza tuta, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, limesimama kama mkate. Nikilala tena, linazama. Na mgongo wa chini ukaanza kuuma kwa namna ambayo si ya uchovu wa mazoezi.

Kochi ameweka sheria kwamba hataki kufuatwa faragha, maswali yote yaulizwe mbele ya wote ili wote wajifunze. Haya. Nikajirekodi kwa ubavuni, video ya dakika nzima, nguo imepandishwa na tumbo liko wazi mbele ya wanawake nisiowajua, nikaandika kwa adabu zote: "Kochi, samahani, naomba kuuliza. Nikifanya sitapu linatokea hili tuta katikati na mgongo unauma. Niendelee au nipumzike?"

Jibu lilikuja kabla hata dakika moja haijaisha. Fanyeni hesabu wenyewe. Video ya dakika moja, jibu ndani ya dakika moja. "Mama, hizo ni nyama uzembe. Tumbo lako halijazoea kazi. Ongeza raundi, punguza visingizio." Akamalizia na vikatuni vya kucheka. Wengine nao wakacheka, mmoja akaandika "kochi hana huruma jamani", kama vile kukosa huruma ni sehemu ya huduma tuliyoilipia.

Sikuongeza raundi. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Akanilaza chali, magoti yamekunjwa, akaniambia niinue kichwa kidogo tu, akapitisha vidole vyake juu ya kitovu na chini yake. Vidole vikazama. Akasema misuli imeachana.

Nieleze kidogo, maana nimekuja kugundua wengi hatujawahi kuambiwa. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba, na katikati imeshikwa na utando mgumu. Ujauzito unautanua utando ule ili mtoto apate nafasi. Kwa wanawake wengi pengo linajifunga lenyewe baada ya kujifungua, kwa wengine linabaki, na kila kitu cha ndani kinapata upenyo wa kusukuma mbele. Ukipima hivyo na pengo likafika vidole viwili au zaidi, nenda ukaangaliwe na anayejua. Yule mama aliniambia wazi kwamba mafuta ninayo, lakini kinachochomoza si mafuta peke yake, na kwamba kila sitapu inayotoa lile tuta inakandamiza mahali palipo dhaifu tayari. Akanianzishia vitu vya kitoto kwa kuvitazama: kulala chali, kutoa pumzi taratibu huku tumbo la chini likivutwa ndani, kisha kutelezesha kisigino kimoja, halafu kingine. Nilitokwa jasho kwa kutelezesha kisigino! Planki, ile ya kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, akasema itakuja baadaye, siku tuta litakapokuwa halionekani.

Na hata ingekuwa ni mafuta matupu, ile hesabu ya sitapu ingesaidia nini? Mwili hauchukui mafuta pale unapopachosha. Mwaka 1971 watafiti walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu wanaotumia mkono mmoja maisha yao yote, wakakuta mafuta ya chini ya ngozi hayakuwa madogo kwenye mkono unaofanya kazi. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine wa watu 24: waliopewa mazoezi ya tumbo kwa wiki 6 walipata misuli yenye ustahimilivu zaidi, lakini mafuta ya tumbo yalikuwa yale yale. Haya si mambo ya siri. Kochi anayejiita bingwa wa matumbo alipaswa kuwa ameyasikia walau kwa mbali.

Halafu wana mkanda wa jasho. Unaufunga kiunoni, unaloa, wanakwambia mafuta yanayeyuka. Mafuta hayatoki kwa jasho, jamani. Mwili ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni unapopumua, na kilo 1.6 zinakuwa maji. Kwa kifupi, tumbo linatokea puani. Ule mkanda unakukausha maji tu, ukinywa bilauri chache yamerudi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuweka nyota moja na kuondoka.

Ila kuna ratiba ya chakula, na hapa inanibidi niseme ukweli ingawa unaniuma: ni nzuri. Ni nzuri sana. Aliyeiandika hawezi kuwa yule kochi, mkono wake unaonekana kabisa kuwa wa mtu mwingine. Hakuna kufunga kwa adhabu wala siku ya kunywa maji ya ndimu peke yake. Kila mlo una protini ya kutosha, nusu ya sahani ni mboga, wanga upo lakini ni ule usiokobolewa, na vinywaji vya sukari vimekatwa bila mjadala. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya 5, na kwa mtu anayekunywa soda hiyo asilimia huisha kabla hajagusa chakula.

Kilichonishika zaidi ni kijiko. Ratiba inakutaka upime mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina kwa jicho. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Mmimino mmoja wa haraka kwenye sufuria unaweza kubeba kalori nyingi kuliko nusu saa ya kuhangaika na video. Hakuna aliyewahi kunifokea kuhusu kijiko, ni mstari mmoja tu umeandikwa kwa upole ukurasa wa pili, na nadhani umenifanyia kazi kubwa kuliko kelele zote za kundini.

Ratiba hiyo hiyo inakueleza kwamba kilo za mwanzo ni za kudanganya. Ukipunguza wanga, mwili unatumia akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba ile inashikilia takriban gramu 3 za maji. Maji yakitoka mzani unashuka, unajiona malkia. Kochi yeye wiki hiyo anapiga vigelegele kundini, "zinayeyuka, mama, zinayeyuka!" Mzani ukisimama, kama ambavyo lazima usimame, anageuka mkali. Kuna binti alisema kiuno kimeongezeka siku chache kabla ya hedhi, akajibiwa "hedhi si kisingizio." Wakati ratiba ya programu yake mwenyewe imeandika kwamba mwili hushika maji siku hizo, na kwamba ulinganishe kipimo cha mwezi huu na cha mwezi uliopita wakati ule ule. Dada mmoja mtu mzima akauliza kwa nini tumbo limekuja tangu hedhi ianze kukoma, ilhali chakula anachokula ni kile kile cha zamani. Akaambiwa umri ni namba tu. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakienda nyonga na mapaja huanza kuhamia tumboni. Ni jambo la kawaida linaloelezeka kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingempunguzia yule dada kujichukia. Nyota moja, basi. Nimerudi kwenye moja.

Subirini, sijafika kwenye lililonikera kuliko yote.

Pale nilipoacha sitapu, nilihamia video za mazoezi ya nguvu, kundi la video ambalo hakuna anayelisifia. Anafundisha dada mmoja mpole, hapigi kelele, skwati, kunyanyua uzito mdogo, kusukuma ukuta. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na ukifuata yule dada pamoja na kutembea kwa haraka unafika bila kujua. Basi nikiwa katika video mojawapo za mbele, yule dada akasimama, akatazama kamera, akasema: kama umewahi kujifungua na ukiinuka unaona tuta katikati ya tumbo, ruka zoezi hili na umwone mtaalamu.

Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena. Ndani ya programu ile ile! Wanajua! Kuna mtu pale ofisini kwao alilifikiria, akaliandika, dada akalisema mbele ya kamera, na kochi wao anakaa kundini kila siku akiwaambia kina mama wenye tuta hilo hilo waongeze raundi. Maana yake hajawahi kutazama video za mahali anapofanyia kazi, kama ambavyo hakutazama yangu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaambiwa "asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu." Niliporudi kundini, swali langu na video vilikuwa vimefutwa, jibu lake pia. Siku chache baadaye ukaja ujumbe wa kujiendesha unaoniomba picha ya kabla na baada kwa ajili ya tangazo.

Maana, ndiyo, kiuno kimepungua. Ningependa kusema hakijapungua ili hasira yangu ikae sawa, lakini utepe hausemi uongo. Napima kama ratiba inavyoelekeza, katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imeshatoka, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, kikizidi 88 inapanda sana. Nilianza juu ya 88. Sasa niko chini yake, 80 sijaiona bado. Inasemekana mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo na ambayo ndiyo ya hatari, huitikia mazoezi hata mzani usipotikisika, na hilo limenipa moyo katika majuma ambayo mzani ulininunia. Pengo la misuli nalo linajifunga polepole, ila hilo ni kazi ya yule mama wa viungo, programu haina mkono wake hapo.

Kwa anayeuliza kama ajiunge: ukiwa umewahi kuzaa, jipime hilo pengo kwanza. Na kama tumbo linavimba tu bila sababu, limekuwa gumu, au linakua huku sehemu nyingine za mwili zikikonda, usimpelekee kochi wa simu, nenda hospitali. Uvimbe wa kizazi au wa ovari hauondoki kwa planki. Ukishajiridhisha, jiunge, chukua ratiba ya chakula, fuata yule dada wa mazoezi ya nguvu, nyamazisha kundi.

Walinipa mwezi mmoja wa bure ili nisiandike vibaya. Nimeuchukua, na nimeandika. Nyota mbili, zote ni za kijiko na za yule dada mpole. Wakimtoa kochi kundini nitarudi hapa niweke ya tatu. Ya nne wasiitegemee, mkanda wa jasho bado wanauuza.