Tangi la vioo la Birere: linafaa kwa somo la bahari ya barafu, ila kagua pembe

Walimu wenzangu wa jiografia mnaoniuliza kuhusu lile tangi la kuonyeshea jinsi barafu inavyokoroga maji ya bahari: limetengenezwa hapa hapa Goma, mtaa wa Birere, kwa fundi wa vioo vya madirisha. Urefu mita 1, upana sentimita 20, kimo sentimita 35. Alitaka dola 30. "Ni ya samaki gani, Mwalimu?" Nikamjibu, "Si ya samaki, Papa, ni ya barafu." Bei ikapanda hadi 35.

Kioo ni safi, na hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Chini niliweka maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita kama baharini, nikayatia wino wa bluu. Juu nikamimina polepole maji yasiyo na chumvi, yakapitia kwenye sponji. Mpaka kati yao ulikaa wazi hata mtoto wa dawati la mwisho aliuona. Kisha nikavuta mabonge mawili ya barafu kwa uzi, moja baada ya jingine. Lile laini chini lilipita, mpaka ukatikisika kidogo tu. Lile nililoligandishia vipande vya barafu chini yake likaacha nyuma nyuzi za bluu zikipanda na kujizungusha. Kule Aktiki, bahari ya barafu ya kaskazini mwa dunia, upepo husukuma barafu, barafu huburuta maji, na matuta yaliyo upande wake wa chini, mengine yakizama zaidi ya mita 20, huyakoroga.

Swali likaja lenyewe: na Ziwa Kivu je? Hapo tangi likaonyesha faida yake, maana huko nako maji mepesi hulala juu ya mazito. Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi, na maji ya chini kabisa yana joto kuliko ya katikati, lakini hayapandi, kwa sababu chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake huyafanya mazito. Aktiki nako, mita mia mbili na zaidi chini ya barafu, yapo maji ya Atlantiki yenye joto zaidi na chumvi zaidi, yamefunikwa na maji baridi yenye chumvi kidogo. Kifuniko hicho kikikorogwa sana, joto hupanda na kuila barafu kutoka chini.

Kuna jambo tangi hili haliwezi. Nansen, mpelelezi wa Norwe, katika safari ya meli Fram ndani ya barafu ya Aktiki mwaka 1893 hadi 1896, aliona barafu ikienda kuliani mwa upepo kwa digrii 20 hadi 40. Ekman, mwanasayansi wa bahari, alieleza mwaka 1905 kwamba ni kwa sababu dunia hujizungusha. Kwangu barafu inafuata uzi tu, basi hapo chukueni chaki mchore ubaoni.

Kasoro: silikoni ya pembe moja ilikuwa nyembamba, ikavuja juu ya madaftari. Fundi alirudia bure, bila maneno mengi. Kingo hazikusuguliwa vilevile, zinakata vidole. Mwambieni azipige msasa kabla hamjamaliza kulipa. Siku ya kulichukua njooni na blanketi nzito, maana chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mawe ya volkano haihurumii kioo.