Mita za kurekodi kwa maabara ya kemia: ipi ununue Mombasa

Muuzaji atakuonyesha kioo kikubwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Wewe uliza kwanza ukinzani (yaani kiasi cha kuzuia umeme) wa tundu linalopokea elektrodi, kile kijiti cha kupimia kinachotumbukizwa kwenye kimiminika. Habari ya kurekodi ije baadaye.

Elektrodi ya pH, yaani ya kupima ukali wa asidi, huwa na ukinzani wa megaomu 100 hivi, mara nyingi zaidi. Multimita ya kawaida, ile ya kupimia umeme, tundu lake lina megaomu 10 tu. Ukiziunganisha, multimita huona sehemu moja tu kati ya 11 ya volti iliyopo. Siki ya pH 3 itoe milivolti 237 (59 hivi kwa kila pH moja kutoka 7), mita isome 21 na kitu. Ukikokotoa unapata pH 6.6. Siki imegeuka maji, na grafu imenyooka vizuri tu!

Kwa hiyo nambari moja kwangu ni mita ya pH ya mezani, ambayo ukinzani wa tundu lake unazidi wa elektrodi kwa mbali, yenye kumbukumbu ndani na betri. Stima ikipotea katikati ya titresheni (kudondosha asidi kwenye besi kidogo kidogo ukipima), kazi yako haipotei nayo. Hakikisha ina kipima joto chake: zile milivolti 59 kwa kila pH ni za nyuzi 25, na maabara isiyo na eisii hapa Tudor au Changamwe mwezi wa Februari haikai 25. Soketi, lile tundu la elektrodi, iwe ya aina ya BNC inayotumiwa na kampuni nyingi, ili elektrodi ikifa ununue ya kampuni yoyote. Halafu ifunike. Unyevu wa chumvi ukiingia kwenye soketi hiyo, umeme wa elektrodi huvuja na unarudi kulekule kwa multimita. Elektrodi yenyewe ilale kwenye potasiamu kloridi, si maji yaliyokenekwa.

Ya pili ni loga, kisanduku cha kurekodi vipimo, yenye milango kadhaa ya kuchomeka vipimaji, nzuri kwa shule. Ila chunga biti, zinazoamua udogo wa hatua inayoweza kusoma. Loga ya biti 12 kwa volti 5 hupanda kwa hatua za milivolti 1.2, na themokapo (waya za kupimia joto) ya aina ya K hutoa mikrovolti 41 kwa nyuzi moja. Bila kifaa cha kukuza volti hizo, hatua moja ni kama nyuzi 30!

Multimita yenye USB ni ya tatu. Kwa seli ya zinki na shaba, volti 1.1, inatosha kabisa.

Rekoda ya karatasi ya mtumba, iache, isipokuwa ije na katoni ya karatasi na kalamu zake.

Kabla ya kulipa mita ya pH, tia elektrodi yake kwenye bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 7 kisha ya 4, iache mita irekodi, halafu chomoa waya ukutani. Rekodi ikikatika, mrudishie mwenyewe.