Mhadhara wa jioni kuhusu Catalonia: mada nzuri, ukumbi wa joto
Nililipa shilingi 10,000 kuhudhuria mhadhara huu katika ukumbi mmoja wa Upanga, na sikujuta, kwani mhadhiri alieleza kwa utulivu kwa nini Catalonia, jimbo la Hispania linalozalisha karibu asilimia 19 ya pato la nchi hiyo, hulalamika kwamba kodi inayotoa huzidi huduma inazorudishiwa. Kilichonivutia zaidi ni habari za Oktoba 2017, ambapo siku chache tu baada ya kura ya maoni ya kujitenga na Hispania, benki za Catalonia, CaixaBank na Banco Sabadell, zilihamishia makao yao ya kisheria Valencia na Alicante, miji ya Hispania iliyo nje ya Catalonia, ili endapo jimbo hilo lingejitenga zisijikute nje ya himaya ya Benki Kuu ya Ulaya. Suala la kugawana deni la taifa la Hispania iwapo Catalonia ingejitenga lilipitiwa harakaharaka mno. Viyoyozi navyo vilikuwa vibovu. Joto la Dar mnalijua.