Dizeli ya mtumba Uganda: lipi ununue kama unaogopa cheni ya taimingi

Ukiingia bond (yadi ya magari yaliyoagizwa) yoyote ya Kampala ukatafuta gari la dizeli, hutachelewa kusikia: "Hili ni la cheni, mzee, si la mkanda. Hubadilishi kitu." Ndugu yangu wa Mbale aliambiwa hivyo, akaamini, akanunua dabo kabini. Miezi minane baadaye, katikati ya msitu wa Mabira, injini ilipiga mlio mmoja mkavu ikazima. Cheni ilikuwa imeruka meno. Valvu ziligongana na pistoni, silinda hedi ikafunguliwa, na ada ya shule ya watoto ikaishia gereji. Tangu siku ile, anayeniomba nimsindikize kununua dizeli hunisikia nikiuliza habari za oili kabla sijauliza kilomita.

Cheni inafunga krankishafti (inayozungushwa na pistoni) na kamushafti (inayofungua valvu) ziende pamoja: ya kwanza ikizunguka mara mbili, ya pili inazunguka mara moja. Kwa kuwa dizeli hugandamiza hewa sana, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno, na meno machache yakirukwa vyuma vinagongana. Mafundi husema cheni "imevutika", ila chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini ndogo za viungo vyake. Kila pini ikilika kidogo tu, cheni nzima inarefuka. Masizi ya dizeli yanayoingia kwenye oili ndiyo msasa unaozila. Kikaza cheni nacho, kwenye injini nyingi, kinasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Mwenye gari akiruka sevisi mbili au tatu, cheni inaumia pande zote mbili.

Kwa hiyo nimepanga magari haya kwa maswali mawili: je, unaweza kujua hali yake kabla ya kulipa? Na cheni au mkanda ukiharibika, fundi wa Ndeeba, mtaa wa magereji Kampala, ataufikia bila kulivua gari nusu?

1. Toyota yenye injini ya 1KD, lita 3.0 (Prado ya 120 na 150 za mwanzo, Hilux)

Hii si ya cheni, ni ya mkanda, na ndiyo sababu naiweka juu. Mkanda una umri unaojulikana. Ukinunua leo, unabadilisha wiki hii pamoja na kikaza chake na puli yake, unaandika kilomita kwenye daftari, na hofu ya taimingi inaisha kwa muda mrefu. Kazi yenyewe iko mbele ya injini, na mafundi wetu wameifanya mara nyingi. Fuata muda wa kitabu cha gari: kwa Toyota nyingi za dizeli zenye mkanda ni kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kutegemea injini na soko lilikotengenezewa.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayokumbusha kubadilisha mkanda, isikudanganye. Inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na wako wanaofanya hivyo. Kama hakuna risiti wala maandishi, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Ugonjwa wa 1KD uko kwingine, na lazima uujue. Washa (pete) za shaba chini ya injekta zinazopuliza dizeli zikivuja, gesi ya moto inaingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha imejaa. Kwa hiyo omba sampu ishushwe fundi alione chujio hilo kwa macho. Muuzaji akikataa, ondoka.

Prado za zamani za 1KZ nazo ni za mkanda. Sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari ya miaka 15 na zaidi, kwa hiyo utakazozipata zimekwisha kukaa hapa miaka mingi. Hizo chunguza kwanza kama zimewahi kuchemsha, maana silinda hedi zake hupasuka kwa joto.

2. Isuzu D-Max yenye 4JJ1, lita 3.0

Ukitaka cheni, anza hapa. Ni injini ya kazi, spea zake zinapatikana, na mafundi wa pikapu wanaijua. Napenda zaidi zile zinazouzwa mnadani na mashirika, kwa sababu mara nyingi zina kitabu cha sevisi kilichojazwa safari baada ya safari. Mimi ningechukua D-Max ya kilomita 260,000 yenye kitabu kabla ya ile ya kilomita 110,000 isiyo na karatasi hata moja.

3. Mitsubishi Pajero 3.2 (4M41)

Starehe nyingi kwa bei inayovumilika, na kwa safari ya Kabale yenye kona na milima utaifurahia. Ni ya cheni pia, na ikizeeka kikaza na reli zinazoiongoza huchoka, injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya kopo. Ikilia asubuhi, punguza kwenye bei gharama ya seti nzima au uiache.

4. Toyota ya 1GD, lita 2.8, ya kuanzia 2015

Cheni nzuri, gari zuri, bei ya kuumiza. Kwa uimara peke yake ingekuwa juu zaidi. Nimeishusha kwa sababu ya pesa. Zile za Japani zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinataka oili ya daraja la DL-1. Muulize mwenye duka la oili kama anayo kabla hujanunua gari.

5. Nissan Navara ya D40 ya mwanzo (YD25, lita 2.5)

Matoleo ya mwanzo yalikuwa na cheni ya mstari mmoja iliyojulikana kurefuka mapema. Dawa yake ni seti yenye cheni ya mistari miwili. Kama imekwisha kuwekwa na risiti ipo, gari linapanda hadi nafasi ya tatu. Kama haijawekwa, kubaliana bei ukijua kazi hiyo ni ya mwezi wa kwanza.

6. BMW za dizeli zenye N47, lita 2.0 (kuanzia 2007)

Samahani kwa wanaozipenda. Cheni iko nyuma ya injini, upande wa flaiwili (gurudumu zito linalopakana na giaboksi), kwa hiyo kuifikia ni kuvua giaboksi au injini yenyewe. Za kabla ya 2011 ndizo zilizolalamikiwa zaidi. Kwa mshahara wa kawaida wa Kampala, sikushauri.

Asubuhi ya ukaguzi

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na asiliwashe gari. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Rudi siku nyingine au usirudi.

Injini ikiwa baridi, fungua boneti, simama mbele, mtu mwingine awashe. Mchakacho wa sekunde moja hivi kisha kimya unaweza kuwa wa kikaza kinachosubiri presha. Ukiendelea, au ukirudi injini inapopata moto ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, cheni au reli zake zimechoka. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha taimingi na mpini sikioni, utasikia wazi zaidi.

Oili nyeusi peke yake haina ushahidi, kwa sababu dizeli huichafua siku chache baada ya sevisi. Isugue kati ya vidole: chembe zinazokwaruza ni habari mbaya. Oili nzito kama asali nayo itie shaka, kwani huwekwa ili kunyamazisha kelele. Fungua kifuniko cha kujazia; tope gumu chini yake lina maana sevisi ziliachwa.

Kisha lipia mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba ya hitilafu P0016 inasema kamushafti na krankishafti hazikubaliani. Wakati mwingine ni sensa tu, lakini kwenye gari la cheni usilipe mpaka fundi amethibitisha. Ukaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, unaofanyika gari likiwa bado ng'ambo ni mzuri kwa breki na taa, ila hauifungui injini.

Ukishalinunua

Kitabu kinaweza kusema badilisha oili kila kilomita 10,000. Kwa foleni ya Jinja Road, vumbi la barabara za mashambani na safari fupi fupi, mimi nabadilisha kila 5,000, pamoja na filta.

Siku cheni ikihitaji kubadilishwa, nunua seti kamili: cheni, kikaza, reli, magurudumu ya meno na sili. Fundi atakayekwambia "tubadilishe cheni tu" anakuokolea pesa kidogo leo tu na utalipa tena, kwa sababu meno yaliyolika yataila mpya haraka. Kisekka, soko la spea la Kampala, utapata kila kitu, cha asili na cha bandia kwenye kaunta moja, kwa hiyo nenda na namba ya injini na fundi anayejua kutambua cha asili. Cheni iliyotolewa kwenye injini ya skrapu usiichukue hata ukipewa bure.

Kwenye sevisi ya kwanza baada ya kununua, kata filta ya zamani kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani, uitazame. Masizi ni ya kawaida. Ukiona vipande vya plastiki, reli za cheni zimeanza kuvunjika, na gari lisitoke gereji siku hiyo.