Kompresa ya lita 50 kwa gereji ya nyumbani: yaliyonikuta na Peugeot 504

Gari lenyewe ni Peugeot 504 saluni, nimelirithi kwa baba. Yeye alilipenda tangu 504 iliposhinda mbio za Safari mwaka wa 1975, na kwetu Tudor, Mombasa, hakuna aliyethubutu kuliita mkweche akiwepo. Gereji ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, futi 10 kwa 20. Gari likishaingia, unatoka ubavu ubavu kama kaa.

Kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, niliinunua mwezi wa Januari kwa shilingi 23,500: tangi la lita 50, mota ya nguvu za farasi 2, presha mwisho baa 8. Muuzaji akaniambia ni kuchomeka tu, kazi inaanza. Kufika nyumbani nikachungulia kile kijicho cha kioo cha kupimia oili: kikavu. Oili ilikuwa kwenye kichupa ndani ya boksi, haijamiminwa. Ningeiwasha vile vile, ingejiua siku ya kwanza.

Kwa kazi ndogondogo sina neno. Naijazia magurudumu upepo, napulizia kabureta, nakaushia bolti nilizosafisha kwa petroli. (Breki siipulizi kamwe, vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu.) Mashine ya msasa ya upepo ndiyo iliyonishinda: inakunywa hewa haraka kuliko tangi linavyojaa, unasugua kidogo, unangoja. Nimerudi kwenye msasa wa mkono na maji.

Kilichonifundisha adabu ni rangi. Madigadi ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu, si unaijua chumvi ya huku. Nikakata, nikachomelea bati, nikapiga filla, praima, nikasugua hadi vidole vikachubuka. Jumamosi moja ya Mei, asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, nikaanza kupuliza. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka kama kioo. Wa pili, bunduki ya kupulizia ikaanza kutema mate. Kufika jioni madigadi ina vipele kama mtoto aliyepatwa na joto.

Nikamwita jirani, mzee aliyepiga rangi magari maisha yake yote. Hata gari hakuliangalia. Aliinama, akafungua kile kivalvu cha chini ya tangi, yakatoka maji ya rangi ya chai, yapata kikombe kizima.

"Mwanangu, wapulizia rangi ama wapulizia maji?"

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Ukiibana inapata moto, ikipoa tangini yale maji yanabaki, na mengine yanakwenda na hewa hadi kwenye bunduki. Kwa hiyo nikanunua kichujio cha maji. Mzee akanikataza kukifunga kwenye mashine. Hapo hewa ingali moto na maji yanapita kama mvuke. Nikakiweka mwisho wa mpira wa mita 10, karibu na bunduki. Tangi nalimwaga kila jioni, na rangi napuliza baada ya adhuhuri, siku ya jua. Madigadi nimeirudia, imetulia.

Stima nayo isikilizeni. Nilitumia waya mwembamba wa kuongezea, mota ikawa inaguna na plagi inachemka. Afadhali kurefusha mpira wa hewa kuliko waya.

Ningenunua tena? Ningetafuta ile inayozungushwa kwa mkanda, hata kwa bei zaidi, kwa sababu hii ya kwangu inapiga kelele kama kinu cha kusaga unga. Na saa ninayotaka kupuliza ndiyo saa mtoto wa jirani analala. Sasa kabla sijawasha napiga hodi kwanza kwa mamake. Juzi alinijibu dirishani: "Haya washa, lakini hilo gari likipona, safari ya kwanza ni sisi, ufukweni Mama Ngina, kula mihogo." Bado buti na milango miwili.