Uzoefu wangu: betri ya lithiamu kwenye Coaster ya kulala, Mwanza

Nimekamilisha kubadilisha mfumo wa umeme wa gari langu la kulala, Toyota Coaster ya dizeli ninayoikodisha kwa watafiti na wageni wanaozunguka mwambao wa Ziwa Viktoria, kutoka betri za asidi kwenda betri moja ya lithiamu. Kwa kuwa wenye magari wenzangu hapa Mwanza wamekuwa wakiniuliza kama gharama yake ina maana, naandika tathmini yangu kwa kirefu. Ina maana, ila fedha iliyonifaa zaidi ni ile iliyokwenda kwenye vifaa vilivyo kati ya altaneta na betri, yaani kigeuza umeme (kifaa kinachobadili volti na kudhibiti chaji inayokwenda kwenye betri), nyaya na fyuzi. Mtu akinunua betri peke yake na kuipachika mahali pa ile ya zamani atakuwa amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumchomea gari.

Gari lina friji ya kompresa ya volti 12, taa za LED, feni mbili, pampu ya maji na inveta ya wati 1,000, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwa ajili ya kompyuta na chaja za kamera. Friji ndiyo mlaji mkuu. Ikiwaka huvuta takribani ampea 4, na kwa joto la Lamadi mchana huwaka karibu nusu ya muda, hivyo kwa siku nzima hula kama ampea-saa 50 (ampea ukizizidisha kwa saa za matumizi); vifaa vingine vyote kwa pamoja huongeza kama 40. Friji hii siichukulii kuwa anasa. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na nimewahi kubeba wageni wanaoitegemea. Ukiwa umepiga kambi karibu na geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti na friji ikazimika saa nane za usiku, hakuna duka la kukimbilia.

Mfumo wa zamani ulikuwa na betri kavu mbili, yaani za asidi zilizofungwa zisizoongezwa maji, za ampea-saa 100 kila moja. Kwa maandishi hizo ni 200, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, kwa hiyo kiasi cha kutumia bila kuiumiza kilikuwa kama 100, ambacho ni matumizi ya siku moja tu. Hilo ningeweza kulivumilia. Tatizo kubwa lilikuwa namna betri hizo zilivyokuwa zikichajiwa. Coaster yangu, kama nyingi za dizeli zilizotoka Japani, ina mfumo wa volti 24 unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Gereji iliyotengeneza sehemu ya kulala ilichukua volti 12 kutoka katikati, yaani kwenye betri moja kati ya zile mbili, ikazipitisha kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) hadi nyuma. Njia hii imeenea sana mitaani kwetu. Redio na chaja za simu kwenye malori mengi zimefungwa hivyo, na kwa mzigo mdogo namna hiyo madhara huchelewa kuonekana. Kwa mzigo wa friji na inveta madhara ni ya hakika. Betri ya chini, ile inayochukuliwa umeme, hunyonywa, ya juu hubaki imejaa, na altaneta inayotoa volti 28 hivi haina namna ya kujua kwamba hizo mbili hazilingani: ya chini haifikii kujaa, na ya juu hupata volti nyingi kuliko inavyostahili, ikaanza kuchemsha maji yake. Betri zangu za kuwashia zilikuwa zikifa kabla ya wakati, moja imekauka maji na mwenzake imeshindwa kuzungusha starta, na kila mara niliuziwa nyingine mpya bila kuelezwa sababu.

Fundi aliyenifanyia kazi hii ana karakana ndogo upande wa Buzuruga. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakutaka tuanze na betri. “Mama, kabla hatujafika kwenye bei ya betri, naomba niione altaneta na nyaya zinazotoka pale,” alisema. Akaliwasha gari, akabana klampu mita, kifaa kinachopima ampea bila kukata waya, kwenye waya mkubwa wa altaneta, kisha akaniacha nisome namba mwenyewe huku yeye akiwasha taa, feni na kiyoyozi kimoja baada ya kingine. Kabla ya kuagiza kifaa chochote nilikuwa tayari najua altaneta yangu inabeba nini na imebakiwa na nafasi kiasi gani.

Sababu ya kuanzia hapo ni hii. Betri ya asidi kadiri inavyojaa huukataa umeme kidogo kidogo, na kwa tabia hiyo huipumzisha altaneta. Betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana wa ndani, hivyo hupokea umeme wote inaopewa mpaka inapokaribia kujaa kabisa. Ukiiunganisha moja kwa moja, altaneta italazimika kutoa nguvu zake zote kwa saa nyingi, kazi ambayo altaneta za magari haya hazikutengenezewa. Hali huwa mbaya zaidi gari likiwa linanguruma mahali pamoja, kwa sababu feni inayoipoza altaneta huzungushwa na injini yenyewe, na injini ikiwa taratibu feni nayo huwa taratibu. Anayeijua foleni ya Igoma jioni ataelewa ninachosema. (Afadhali siku hizi upande wa Sengerema na Geita tunavuka moja kwa moja, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025; zile saa za kusubiri kivuko injini ikiwaka zilikuwa adhabu kwa altaneta.) Kuna hatari ya pili isiyosemwa sana. Betri ya lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani yake, na saketi hiyo ikiona volti zimezidi hukata mara moja. Altaneta iliyokuwa ikisukuma ampea nyingi ikikatiwa mzigo ghafla hutoa mruko wa volti unaoweza kuua daiodi zake na vifaa vingine vya kielektroniki garini.

Dawa yake ni kigeuza umeme kinachokaa kati ya betri za gari na betri ya sehemu ya kulala, kikipokea volti 24 na kutoa chaji ya volti 12 kwa kiwango maalumu ambacho hakivukwi. Tulifunga Orion-Tr Smart ya kampuni ya Victron Energy ya Uholanzi, aina ya 24/12 yenye ampea 30. Kwa kuwa upande wa kuingilia una volti mara mbili, ampea 30 zinazotoka nyuma huvuta kama 17 tu kutoka kwenye mfumo wa gari, mzigo ambao altaneta yangu huubeba bila kupata joto la kutisha. Kigeuza hutambua kwa volti kwamba injini inawaka na hujizima injini ikizimwa, na mipangilio yake yote hufanywa kwa simu kupitia Bluetooth. Sasa betri zote mbili za kuwashia huchangia sawa, na ule waya wa katikati umeondolewa kabisa. Hata kama ningebaki na betri za asidi nyuma, badiliko hili moja ningelilipia.

Nilitaka kigeuza kikae mbele karibu na betri za gari, ambako nafasi ni kubwa. Fundi alisisitiza kikae nyuma, futi chache kutoka betri ya lithiamu, na hesabu yake ilinishawishi. Kutoka mbele hadi nyuma ni kama mita 6, yaani mita 12 kwa kwenda na kurudi. Ampea 30 za volti 12 zikisafiri umbali huo kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hupoteza takribani volti 1 njiani, na betri ya lithiamu inayohitaji volti 14 na ushee ili ijae haitazipata. Ukipeleka volti 24 nyuma kwa waya wa milimita 10, zile ampea 17 hupoteza kama theluthi moja tu ya volti kati ya 27 au 28, hasara ambayo kigeuza huifidia chenyewe. Umbali ule ule, shaba ya bei ya kawaida, matokeo tofauti kabisa.

Vichwa vya nyaya alivibana kwa mashine ya haidroliki. Kimoja alikibana kwa ajili ya kunionyesha tu, akakikata katikati kwa msumeno wa chuma na kunipa mkononi: nyuzi za shaba zilikuwa zimeshikana zikawa kipande kimoja, hakuna hata tundu dogo la hewa. Kisha akanionyesha kichwa cha zamani kutoka gari hili hili, kilichogongwa kwa nyundo, na ndani yake ungeweza kuzihesabu nyuzi moja moja, nyingine zikiwa zimegeuka kijani. Mwambao wetu una unyevu, na mahali ambapo hewa inapita kutu nayo hufuata, kisha joto.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa msisitizo. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kutoa maelfu ya ampea kwa muda mfupi. Fyuzi ya bei rahisi itayeyuka, lakini umeme unaweza kuendelea kuruka kwenye pengo lililobaki kama cheche ya kuchomelea, na hapo fyuzi haijakulinda na chochote. Ndiyo maana karibu kabisa na taminali chanya tuliweka fyuzi ya aina ya T, iliyotengenezwa kukata hadi ampea 20,000. Mwanza sikuipata, tuliiagiza Dar es Salaam, na niliagiza na ya akiba, kwa kuwa gari likikwama Bunda kwa kukosa fyuzi hiyo hakuna mbadala wa kuokota njiani. Inveta nayo ina waya wake wa milimita 35, maana wati 1,000 kwenye volti 12 ni karibu ampea 90 hadi 100 ukihesabu na upotevu.

Betri yenyewe haina mengi ya kusimulia. Ni ya lithiamu, chuma na fosfati, ampea-saa 200, volti 12.8, na ina uzito usiofika nusu ya zile mbili za zamani zilizokuwa karibu kilo 60. Kemia hii ilielezwa miaka ya 1990 na kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas, mmoja wa watatu waliotunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu, na sifa yake kubwa kwa gari la kulala ni kwamba huvumilia joto kuliko lithiamu za aina nyingine na si rahisi kushika moto. Naitumia hadi asilimia 80, ambazo ni ampea-saa 160, karibu siku mbili bila jua na bila kuwasha injini.

Paneli za wati 400 zilizo juu ya paa zilibaki zile zile. Kontrola yake, kifaa kinachodhibiti chaji ya jua, ilihitaji kupangwa upya: chaji kuu volti 14.2, ya kushikilia 13.5, na ile hatua ya kusawazisha ya betri za maji, inayopandisha volti kupita 15, ikazimwa kabisa. Mwenye kontrola isiyoruhusu kuzima hatua hiyo aibadilishe.

Kifaa kidogo ninachokipenda kuliko vyote ni kipimo cha ampea-saa kinachofungwa kwenye waya hasi. Betri ya asidi ulikuwa ukiikadiria kwa volti. Ya lithiamu hukaa karibu volti 13.2 ikiwa na chaji nyingi na hukaa karibu hapo hapo ikiwa imebaki nusu, kwa hiyo mita ya volti haikwambii kitu cha maana mpaka imechelewa. Kipimo huhesabu kinachoingia na kinachotoka, na dereva wangu husoma asilimia kwenye simu kabla ya kulala.

Barabarani matokeo yameonekana wazi. Safari ya Mwanza hadi Musoma, kama kilomita 220, hurudisha zaidi ya ampea-saa 100 kabla hatujafika, na siku tunazokaa sehemu moja jua hutosha kwa friji na taa kama hakuna mawingu mazito ya masika. Starta huzunguka kwa nguvu ile ile asubuhi hata baada ya usiku mrefu wa matumizi.

Yapo yasiyoniridhisha. Kigeuza kikifanya kazi kwa ampea zote hupata moto, na kwa muundo wake hupunguza ampea ili kujilinda. Kilipokuwa ndani ya sanduku lililofungwa chini ya kiti nilikuwa napata kidogo kuliko nilicholipia, hadi fundi alipotoboa matundu na kuweka feni ndogo. Betri niliyouziwa haina njia ya kuona hali ya seli moja moja, na karatasi ya dhamana niliyopewa dukani inataja miaka bila kutaja masharti. Nimelalamika kwa maandishi na bado nasubiri jibu, kwa hiyo ningemshauri mnunuzi adai masharti hayo kabla ya kulipa. Kazi pia ilichukua muda mrefu kuliko tulivyokubaliana, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri vifaa kutoka Dar es Salaam.

Kwa gharama, betri ilichukua zaidi ya nusu ya bili yote. Mwenye fedha pungufu aanze na kigeuza, nyaya na fyuzi, aendelee na betri zake za asidi hadi zichoke, kwa kuwa kigeuza hiki hupangwa kuchaji aina zote mbili na siku ya kuleta lithiamu atabadilisha mpangilio kwenye simu tu. Mwenye Hiace ya volti 12 achague aina ya 12/12, na akumbuke kwamba kwake ampea zinazovutwa kutoka kwenye altaneta zitazidi zile zinazotoka, hivyo kipimo cha klampu kwenye altaneta kifanyike kwanza.